Nilishusha bei ya kahawa yangu, wateja wakazidi kupungua. Nisaidieni kuona kosa

Mkaanga Kahawa, Bukavu

Jambo zenu wote. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kadutu, na tangu mwaka 2022 ninakaanga kahawa na kuiuza. Naandika kwa sababu nimepoteza pesa, na kabla sijaingiza nyingine nataka kuelewa zile za kwanza zilipitia wapi. Mlio kwenye biashara msinionee haya, niambieni ukweli.

Kahawa yenyewe inatoka Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, shambani kwa mama mkwe wangu na majirani zake. Ni arabika safi, wanaichuma mbivu punje kwa punje. Wazee wa kule waliilima miaka yote bila kuinywa. Ilikaushwa, ikapakiwa mtumbwini usiku, ikavuka kwenda Rwanda kwa sababu huko ndiko kulikuwa na bei. Mitumbwi mingine haikufika. Baba mkwe wangu ni mmoja wa wale ambao ziwa liliwachukua pamoja na magunia yao. Kwa hiyo nilipoanza kukaanga nilikuwa na neno moja moyoni: kahawa ya Idjwi inywewe Bukavu, na watu wa Bukavu, mchana kweupe.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Wateja wangu walikuwa wageni wa mashirika wanaokaa Nguba na Muhumba, pamoja na hoteli mbili. Pakiti ya gramu 250 niliuza dola 3. Nilikuwa nikimaliza pakiti 200 kwa mwezi na wengine wananipigia simu kabla sijakaanga. Mwezi wa 2 mwaka 2025 vita vilipofika mjini, banki zikafunga milango, mashirika yakapunguza watu, wageni wakaondoka. Katika wiki mbili nilibaki na wateja 11. Niliwahesabu kwenye daftari mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Nikasema, basi sasa ndiyo wakati wa watu wetu. Nilizunguka kwa miguu, nikaweka pakiti katika butike 14, kuanzia Kadutu, Nyawera, Essence mpaka Panzi, kwa mapatano kwamba mwenye butike auze kwanza, anilipe baadaye, abaki na senti 50 kwa kila pakiti. Mwezi wa 3 zilitoka pakiti 90. Nililia kwa furaha, sisemi uongo. Mwezi wa 4 zikatoka 31.

Nilipouliza, wenye butike wote walinijibu neno moja: “Dada, watu wanasema ni ghali.” Nikashusha kutoka dola 3 hadi 2. Na nilifanya hivyo katika mwaka ambao kahawa mbichi ilikuwa inapanda. Ule mwezi wa 2 bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, haikuwa imewahi kufika huko, na msidhani mkulima wa Idjwi hasikilizi redio. Mwezi wa 5 zilitoka pakiti 58, nikapumua. Mwezi wa 6, 19. Mwezi wa 7, 12.

Katikati ya hayo nimejaribu mengi. Nimetoa matabishi: ukinunua pakiti nne unapewa kikombe. Nimelipa dola 60 kwa tangazo la redio la wiki mbili, kwa Kifaransa kizuri alichoandika mdogo wangu anayesoma chuo. Kila asubuhi naweka WhatsApp picha ya kikombe kinachotoa moshi, na watu 140 wanaitazama, wananitumia mioyo. Hakuna anayenunua.

Na kuna jambo la mifuko. Pakiti zinavimba. Natoka kukaanga, nasaga, nafunga hapo hapo kahawa ikiwa bado na joto la mikono ili harufu isitoke, halafu baada ya siku mbili tatu mfuko umekuwa kama mpira. Mbili zilipasuka juu ya rafu huko Essence, na mwenye butike akaniita mbele ya watu akasema kahawa yangu imeoza. Nikabadilisha mtu anayeniuzia mifuko, lakini bado.

Sasa niambieni. Ni bei? Ni mfuko? Ni tangazo? Au watu wetu ni wa chai tu, na mimi nalazimisha mto upande mlima?

---

Karani wa Depo, Lubumbashi

Dada, pole kwa kazi na pole kwa baba mkwe.

Mimi si mtu wa kahawa. Nimehesabu stoki ya depo la unga hapa Lubumbashi kwa miaka 9, kwa hiyo nitasema juu ya namba zako tu. Umeandika kitu kikubwa bila kukiona. Mtu anayeona bidhaa ni ghali hanunui hata mara ya kwanza. Anaangalia bei, anarudisha pakiti kwenye rafu, anaondoka. Lakini wale 90 wa mwezi wa 3 walitoa dola 3 zao wakalipa. Walifika nyumbani, wakaonja, hawakurudi. Sasa bei iliwafukuza vipi, na walikuwa wameshailipa?

Halafu tazama mwezi wa 5. Uliposhusha bei walikuja 58, nao wakaenda njia ile ile ya wenzao. Ulipunguza bei ya mlango, watu wengi zaidi wakaingia, wakakuta kile kile ndani.

Nakueleza hili kwa sababu nilishiriki kosa kama hilo. Mwaka mmoja tulipokea unga wa mahindi kutoka upande wa Kasumbalesa, lori lilikuwa limekaa mpakani kwenye mvua. Unga ulikuwa na harufu kidogo ya unyevu. Haukuwa mbaya, lakini ukipika bukari, yaani ugali, unaisikia. Ulipokwama, mkubwa wetu akasema tushushe bei, na mimi ndiye niliyebandika karatasi ya bei mpya mlangoni. Katika siku nne tuliuza kuliko mwezi mzima. Baada ya hapo, hata tulipoleta unga mzuri kabisa, akina mama walikuwa wanachota kiganjani na kunusa kabla ya kuuliza bei. Walifanya hivyo kwa muda mrefu sana. Bei ya chini ilikuwa imeipeleka ile harufu katika nyumba nyingi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza juu ya tangazo, tafuta walikuta nini ndani ya kikombe. Na uniandikie hapa hesabu yako ya kilo moja, mstari kwa mstari. Dola 2 kwa gramu 250 inanitia wasiwasi.

---

Mkaanga Kahawa, Bukavu

Asante sana yaya, ndugu yangu mkubwa. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na lile swali lako la wale 90 limeninyima usingizi.

Hesabu yangu ni hii. Kahawa mbichi dola 4 kwa kilo. Makala, yaani makaa ya kukaangia, senti 40. Mfuko na etiketi senti 30 kwa pakiti, yaani dola 1 na senti 20 kwa kilo. Mwenye butike senti 50 kwa pakiti, yaani dola 2. Jumla dola 7 na senti 60. Kilo inatoa pakiti nne, kwa dola 2 ni dola 8. Nabaki na senti 40. Ni kidogo, najua, lakini nilisema kidogo cha wengi kitakuwa kingi.

---

Mwonja Kahawa, Kalehe

Dada yangu, mimi nimefanya kazi miaka 6 katika kituo cha kuosha kahawa, kuonja na kukaanga sampuli, na hapo kwenye hesabu yako nimeshika kichwa. Kilo ya kahawa mbichi haitoki kilo. Maji yanaondoka, yale maganda membamba yanaondoka, unabaki na gramu 820 hivi ukikaanga wastani, na ukipeleka mpaka iwe nyeusi sana unabaki na chini ya hapo. Pima kabla na baada, utaona.

Maana yake, ili upate kilo moja ya kuuza unahitaji kilo 1 na gramu 220 za mbichi. Si dola 4, ni dola 4 na senti 88. Jumla yako inakuwa dola 8 na senti 48, na wewe unauza dola 8. Zile pakiti 89 ulizouza kwa bei mpya, kila moja ulimwongezea mnunuzi senti 12 za mfukoni mwako ili aichukue. Zaidi ya dola 10 hizo, kabla ya redio, kabla ya vikombe vya matabishi. Na mkono wako wewe mwenyewe, usiku wote wa kukaanga, sijauona kwenye hesabu hata kwa senti moja.

Mifuko kuvimba: muuza mifuko hana kosa na kahawa haijaoza. Kahawa iliyotoka kukaangwa inapumua. Ndani ya punje kuna hewa ya kaboni iliyotengenezwa na moto, nayo inatoka polepole kwa siku kadhaa, kwa nguvu zaidi siku ya kwanza na ya pili. Ukiifungia mapema, itatafuta njia. Iache ipumzike siku mbili ikiwa punje nzima, kwenye ndoo safi yenye kifuniko ambacho hukukibana sana, ndipo usage na kufunga. Kuna mifuko yenye kidude cha kutolea hewa, inatoa bila kuingiza, hiyo ndiyo bora kabisa, ila bei yake itakuumiza kwa sasa. Anza na ndoo.

Swali moja: unasaga kwa ukubwa gani?

---

Mkaanga Kahawa, Bukavu

Laini kabisa. Kama unga wa muhogo. Nilidhani laini ndiyo bora, ndiyo kazi safi.

---

Kijana wa Beach

Mimi nasema wazi: watu wa Bukavu ni wa chai. Wamezaliwa kwenye chai, na mtu hawezi kubadilisha ulimi wa mji mzima kwa pakiti 90. Beba mzigo upande boti, peleka hoteli za Goma, au tafuta mnunuzi wa nje achukue yote ikiwa mbichi. Usipoteze miaka yako hapo.

---

Mama wa Sabuni, Goma

Mwanangu Mkaanga, usimsikilize huyo kijana haraka, ingawa anasema kwa nia njema. Goma nako banki zilifunga na wageni waliondoka kama kwenu. Utahamisha shida kwa boti.

Mimi natengeneza sabuni ya maji, Majengo, tangu 2016. Miaka ya kwanza ilikwenda, kisha ikaanza kushuka, taratibu, kama ndoo yenye tundu. Kila mama niliyemuuliza aliniambia, “Sabuni yako ni nzuri, mama, Mungu akubariki.” Wengi tunasali pamoja. Nani atakwambia ukweli akikutazama usoni, na Jumapili mtakaa benchi moja? Mimi nikasikia “nzuri” nikaamini. Basi nikasema labda ni harufu, nikaongeza manukato. Labda ni rangi, nikatia kijani. Labda wanaiona nyepesi, nikaongeza chumvi ili iwe nzito. Wanaotengeneza sabuni wanajua chumvi ina mpaka: kidogo inaifanya nzito, ukizidisha inarudi kuwa maji. Nilizidisha. Lita 100 nilizimwaga nyuma ya nyumba, na kila ndoo niliyoibeba niliihesabu kwa karo ya watoto.

Kilichonifungua macho sikukipanga. Volkano ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, lava ilikata maji, mabomba yetu yakakauka. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, kufua kulikuwa ziwani. Nikajikuta Kituku, miguu ndani ya maji, nimezungukwa na wateja wangu mwenyewe wakifua kwa sabuni yangu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisifu maana kila mtu alikuwa na rundo lake. Nikamwona jirani yangu akifungua chupa, akaigeuza juu ya shati, robo nzima ikamwagika mara moja. Akafua shati moja na suruali mbili, akaigeuza tena. Chupa ya wiki mbili ilikwisha kabla jua halijafika katikati. Kisha akatoa kwenye beseni kipande cha sabuni ya mche kilichobaki kama kidole, akamalizia nacho.

Nilisimama pale nikiona aibu, na nikiona mwanga pia. Sabuni haikuwa na ubaya. Mdomo wa chupa ulikuwa mkubwa mno. Nilikuwa nauza katika chupa za maji za kawaida, na chupa ya maji imetengenezwa kwa kiu. Jioni ile nilipasha msumari moto nikatoboa vifuniko 40, tundu moja dogo kila kimoja. Bei sikuigusa. Baada ya hapo sabuni ilianza kutembea tena, na mpaka leo natoboa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwaulize tena kama kahawa ni nzuri. Chukua pakiti moja, nenda kwa mtu anayetengeneza vinywaji vya moto kila siku, mpe, kaa kimya, tazama mikono yake. Usimfundishe. Hata akikosea, jing'ate ulimi. Ukimfundisha utajifunza mikono yako mwenyewe, na hiyo unaijua tayari. Halafu urudi hapa utuambie.

---

Mkaanga Kahawa, Bukavu (siku sita baadaye)

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilitaka kuandika nikiwa nimetulia.

Nyawera kuna mama anayeuza chai na mandazi kwa motari, wale waendesha pikipiki za abiria, anaanza saa kumi na moja asubuhi. Nilimfuata Jumatano, nikamwambia ukweli kwamba kahawa ni yangu, nikamwomba aipike anavyojua, nami nitalipa vikombe vya kwanza. Nikakaa juu ya kidumu kilichofunikwa, mikono katikati ya magoti kama mgeni msibani, kwa sababu Mama wa Sabuni alisema nijing'ate ulimi.

Alikata mfuko kwa meno. Akachota kijiko kimoja, akakitia kikombeni. Akafungua termosi, akamimina maji ya moto juu yake, sukari vijiko vitatu, akakoroga. Akakoroga tena. Akainamia kikombe akatazama, akakoroga mara ya tatu kwa nguvu. Kisha akampa motari mmoja aliyekuwa bado juu ya pikipiki yake.

Yule kijana alipuliza, akanywa. Nilimwona akisimama. Alipitisha ulimi kwenye meno, akageuka pembeni, akatema. Hakuwa na dharau, alitema kama mtu aliyepata mchanga kwenye mboga. Akatazama ndani ya kikombe, akasema, “Mama, hii haiyeyuki.” Akamwaga iliyobaki karibu na gurudumu, akaomba chai.

Haiyeyuki. Neno hilo moja ndilo mwezi wa 3 mzima, wa 4, wa 5, wa 6 na wa 7. Hapa kwetu kahawa inayojulikana ni ile ya sashe, unatia maji inayeyuka yote. Mimi nimewauzia watu kitu ambacho lazima kichujwe na sikumwambia mtu hata mmoja. Kwenye etiketi nimeandika mwinuko wa Idjwi, nimeandika harufu ya matunda, nimechora mtumbwi. Namna ya kuipika sikuandika. Wageni hawakunilalamikia kamwe kwa sababu walikuwa na vyombo vyao vya kuchujia nyumbani, na nusu yao walichukua punje nzima. Nikadhani kahawa yangu imeshapita mtihani. Na ule ulaini niliojivunia ndio uliobaki kwenye meno ya watu.

Mama wa chai alinitazama kwa huruma akasema, “Sikutaka kukuvunja moyo, lakini mwezi wa 4 niliinunua mwenyewe pale butike. Wateja walisema ina udongo. Nikampa jirani.” Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mwenye butike. Akasema, “Nilimwambia ni ghali. Ndiyo njia ya adabu.”

Yaya Karani, hapo nilikukumbuka. “Ghali” ilikuwa adabu.

Alhamisi na Ijumaa nilizitumia kwenda kwa wanunuzi sita ninaowajua kwa sura. Sita tu, lakini kila nyumba ilikuwa na lake. Wawili waliikoroga kama mama wa chai, wakaitupa. Mmoja aliichuja kwa kichujio cha chai, matundu ni makubwa, ikapita. Mmoja aliifanya vizuri kabisa kwa sababu aliwahi kukaa Bujumbura, naye ndiye aliyekuwa akirudi kila mwezi na mimi sikujua. Mmoja aliona mfuko umevimba akaogopa. Na wa sita, mama mmoja wa Panzi, alinifungulia kabati akanionyesha pakiti yangu ya mwezi wa 3, haijaguswa. Etiketi ilikuwa nzuri, ya Kifaransa, akasema hiyo ni ya wageni, anangoja siku atakapopata mgeni. Tangu mwezi wa 3. Niliishika ile pakiti nikashindwa kusema neno.

Jumamosi nilirudi Nyawera. Safari hii nilikuwa nimesaga kubwa zaidi, kama chenga za mchele, kahawa iliyopumzika siku mbili kwenye ndoo. Nilibeba kitambaa cheupe cha pamba nilichokifua na kukichemsha, nimekishonea waya mdomoni kama mfuko. Tulipika kama anavyopika chai, kwenye sufuria, na tangawizi iliyopondwa, maana motari wa alfajiri wanataka kitu cha kuwasha kifua. Tukaacha itulie kidogo, tukachuja kwa kitambaa moja kwa moja ndani ya termosi. Kikombe franka 500. Yule kijana aliyetema alikuwepo. Alikataa kwanza, kisha akaomba aonje cha mwenzake, kisha akanunua chake. Mpaka saa mbili vilikuwa vimetoka vikombe 23, franka 11,500, na sikumaliza hata pakiti moja. Tumegawana nusu kwa nusu.

Kijana wa Beach, mji haukukataa kahawa ndugu yangu, mimi sikuwa nimeifikisha.

Bei nimeirudisha dola 3 kwa wanaotaka pakiti, na naandika namba ya Mwonja juu ya ukuta pale ninapokaangia: 820. Kwa mama wa chai nitauza kwa kilo, mfuko wa kawaida, bila etiketi ya kupendeza.

---

Karani wa Depo, Lubumbashi

Dada, umefanya kazi ya wiki moja kuliko wengine mwaka. Bado nina neno juu ya zile butike 14. Usiache pakiti za zamani kwenye rafu hata kama zinakuuma. Kila moja itakayonunuliwa itatengeneza mtu mwingine wa “udongo”. Zirudishe zote. Na kabla ya kulipa redio tena, jiulize mama wa Panzi angefanya nini na lile tangazo la Kifaransa.

---

Mama wa Sabuni, Goma

Etiketi zilizobaki usizitupe, pesa imeshatoka. Geuza upande wa nyuma, mdogo wako huyo wa chuo aandike kwa Kiswahili, maneno machache: chemsha, acha itulie, chuja kwa kitambaa. Na kitambaa kiwe ndani ya pakiti. Usimwache mtu akitafute nyumbani, hatakitafuta. Na wale wa sashe watakuja kukuuliza kwa nini yako inachukua muda. Uwe na jibu, mwanangu.

---

Mwonja Kahawa, Kalehe

Vitambaa vichemshwe kila jioni bila sabuni (samahani Mama), na vikauke juani. Mafuta ya kahawa yakikaa kwenye pamba yanachacha, na baada ya siku tatu kikombe kitakuwa na ladha ya jana. Hiyo nayo wataiita jina lingine la adabu.

---

Mkaanga Kahawa, Bukavu

Nimeandika yote kwenye daftari, ukurasa uleule nilipokuwa nimehesabu wale 11.

Pakiti 43 nimeshazirudisha kutoka butike 9, zilizobaki nitazifuata kesho. Mwenye butike wa Essence, yule aliyesema imeoza, nilimweleza habari ya kupumua. Alisikiliza, akaniuliza kama watu watajua hivyo mmoja mmoja. Nikamwambia nitakuja na ndoo na sufuria nipike mbele ya mlango wake Jumamosi, amekubali lakini amesema nifagie mwenyewe.

Mama mkwe ameniuliza kwa simu kama kweli motari wanainywa. Nimemwambia watu 23. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza wanatia sukari ngapi.

Jumatatu saa kumi na moja niko Nyawera na vitambaa 10. Mama wa chai amesema nije na jiko langu, la kwake halitatosha.